Mgonjwa wa Akili Hurudi Nyumbani, Huduma Hubaki Hospitali

Naishi Morogoro mjini, katika mtaa ambao zahanati yake iko mwendo wa dakika chache kutoka mlangoni kwangu, na kwa magonjwa mengi sina sababu ya kuilalamikia. Watoto wote wa nyumba hii wamechanjwa pale, mama yangu hupimwa presha pale, na kila mvua za masika zinapoanza maofisa afya wa kata hupita nyumba kwa nyumba wakikagua vyoo na kuhimiza watu wachemshe maji ya kunywa. Ninayotaka kuyaeleza yanahusu ugonjwa ambao mfumo huu huu, unaojua kubisha hodi kwa ajili ya choo, haujajifunza kuufuata hadi nyumbani. Mdogo wangu wa kiume ana skizofrenia, ugonjwa mkubwa wa akili, na kwa miaka mingi sasa mimi na mama ndio tunaomuuguza.

Alianza kuumwa akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, fundi pikipiki aliyeaminiwa na kijiwe kizima cha bodaboda. Kwanza aliacha kulala. Kisha akakataa chakula kilichopikwa na mtu mwingine, akidai kwamba majirani wanatia sumu, na hatimaye akawa anajibizana na sauti ambazo sisi hatukuzisikia. Kama familia nyingi za kwetu tulianzia kwa mganga, wala sitaki kumdharau mtu anayeanzia huko, kwa sababu mganga ana sifa ambazo vituo vyetu vingi vya afya havina: yuko karibu, hana foleni, huwasikiliza mgonjwa na ndugu zake mpaka wamalize, na akiitwa nyumbani huja. Alichukua mbuzi, alichukua fedha, na mdogo wangu hakupata nafuu. Tukahamia kwenye maombi, na huko nako tulikaa mpaka usiku mmoja alipotoka nje na panga akiwasaka watu waliokuwa wakimsema.

Vijana wa mtaa ndio waliomkamata, wakamfunga kwa kamba ya katani mikono na miguu. Mwenyekiti wa mtaa aliamshwa, akapiga simu polisi, akajibiwa kwamba gari halipo, na kwamba ndugu wamlete wenyewe. Tulimpakia kwenye bajaji, watu wawili wakamshikilia, na dereva akatutoza nauli mara tatu kwa kuwa, kama alivyosema, hajui kama bajaji yake itarudi nzima. Ipo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, inayoeleza namna mtu asiyekubali matibabu anavyoweza kufikishwa hospitali na kulazwa bila kudhalilishwa, lakini usiku ule hapakuwa na mtu kati yetu, wala kati ya viongozi waliokuwapo, aliyewahi kuisikia. Tulichokuwa nacho ni kamba.

Alipewa rufaa ya kwenda Mirembe, Dodoma. Hospitali hiyo ilianzishwa wakati wa Waingereza, mwaka 1927, na kwa vizazi kadhaa imekuwa ndiyo jibu la nchi nzima kwa ugonjwa wa akili, kiasi kwamba watoto wa shule hutaniana kwa jina lake. Nilikwenda nikitarajia mahali pa kutisha, nikawakuta wauguzi wanaoijua kazi yao na wanaowaita wagonjwa kwa majina. Baada ya wiki kadhaa mdogo wangu alikuwa analala usiku, anaoga bila kusukumwa, na anauliza habari za pikipiki alizoziacha zimefunguliwa injini. Siku aliporuhusiwa tulipewa vidonge vya kuanzia pamoja na karatasi yenye majina ya dawa, tarehe ya sindano ijayo, na maelekezo kwamba aendelee na kliniki katika kituo cha karibu na nyumbani. Mama aliikunja karatasi ile akaifunga kwenye pindo la khanga, na tangu basi lilipotushusha Msamvu, karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa huduma yote ya afya ya akili tuliyokuwa nayo.

Rufaa nchini kwetu ina ngazi za kupandia zinazoeleweka vizuri: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda, ya taifa. Kila ngazi inajua mgonjwa aliyeishinda ampeleke wapi. Kushuka ni habari nyingine. Mgonjwa hushuka na karatasi yake tu, na kituo kinachotarajiwa kumpokea hakina habari kwamba anakuja, hakijui aliumwa nini, na huenda hakina hata dawa moja kati ya alizoandikiwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Sindano aliyopangiwa ni flufenazini, ile ya mafuta ambayo mgonjwa huchomwa mara moja ikamkalia mwilini karibu mwezi mzima, na uzuri wake ni kwamba humwondolea ndugu vita ya kila asubuhi ya kumbembeleza mtu ameze vidonge. Katika kituo cha afya tulichoelekezwa, dirishani tuliambiwa kwamba sindano hiyo haipo, imeagizwa, tujaribu wiki ijayo. Wiki iliyofuata jibu lilikuwa hilohilo, na iliyofuata vilevile. Wakati huo mdogo wangu alikuwa ameanza tena kukaa macho usiku, akifungua na kufunga redio moja bila kuitengeneza.

Baadaye nilimuuliza mfamasia mmoja kwa nini dawa hizo ndizo hupotea mapema, nikidhani kwamba ni ghali. Alinijibu kwamba nyingi kati yake ni za bei nafuu kabisa na ziko kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu. Tatizo, kwa maelezo yake, liko kwenye hesabu: kituo huagiza dawa kutoka Bohari ya Dawa kwa kuangalia kiasi kilichotumika kipindi kilichopita, na wagonjwa wa akili wakiacha kuja kwa sababu dawa hakuna, vitabu vinaonyesha kwamba dawa hiyo haina watumiaji, hivyo oda inayofuata hupungua zaidi. Nilimwelewa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikimsihi kila mwenye mgonjwa aende kliniki hata kama ana hakika kwamba atajibiwa “hakuna”, na ahakikishe jina lake na dawa aliyoikosa vimeandikwa, kwa maana mgonjwa anayekata tamaa kimyakimya anahesabiwa kama aliyepona.

Hapo ndipo pia nilipouona mpaka wa msamaha. Kwa sera ya nchi, wenye magonjwa ya akili ya muda mrefu wamo kwenye makundi yaliyosamehewa kuchangia gharama tangu uchangiaji ulipoanzishwa miaka ya 1990, na msamaha huo ni wa kweli, kwani sijawahi kutozwa hata shilingi moja ili mdogo wangu amwone tabibu. Ila unaishia dirishani. Dawa ikikosekana ndani ya kituo, famasi ya mjini haimjui aliyesamehewa. Tulijiunga na CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, wakati huo ikiwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, nayo imetufaa sana kwa malaria na presha ya mama, lakini kwa dawa za akili kadi hiyo hukutana na dirisha lilelile. Hata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, ambayo naiunga mkono, nitaipima kwa swali hilo moja: je, sindano imo kabatini tarehe ikifika?

Kuna jioni moja ambayo naieleza kwa urefu kwa sababu nimekuja kugundua kwamba imezipata familia nyingi. Siku chache baada ya kubadilishiwa dozi ya haloperidoli, mojawapo ya dawa za akili, shingo ya mdogo wangu ilianza kupinda. Ilipinda polepole kuelekea kushoto, kidevu kikagusa bega, macho yakageukia juu na kubaki huko, ulimi ukawa mzito, naye mwenyewe, akiwa na fahamu zake zote, akawa anatuomba kwa sauti ya kukwama tumnyooshe. Mama alimkanda kwa maji ya moto. Jirani aliyekuja kumjulia hali alisema majini yamerudi kudai haki yao, na kabla giza halijaingia vizuri ua ulikuwa umejaa watu na ubani umeshawashwa.

Tulimkimbiza kituo cha afya. Muuguzi wa zamu alimtazama mara moja, akauliza anatumia dawa gani, akamchoma sindano, na tulipokuwa bado tunaandikisha jina shingo ilikuwa imeanza kulegea na kurudi mahali pake. Alitueleza kwamba hayo ni madhara yanayojulikana ya dawa ile, kwamba huwapata hasa vijana wa kiume, na kwamba vipo vidonge vya kuyazuia, benzheksoli, ambavyo wagonjwa wengi huvijua kwa jina la Artane. Maelezo yake yalikuwa mafupi kuliko muda tunaokaa kusubiri faili. Anayeandika dawa hizo bila kutamka maneno hayo machache anaziachia familia zijitafutie tafsiri, na tafsiri iliyo karibu zaidi ni majini. Nimekutana na watu ambao baada ya jioni kama ile walizitupa dawa chooni wakamrudisha mgonjwa kwa mganga, na siwezi kuwalaumu, kwa sababu walichokiona kwa macho yao ni mtu aliyekunywa dawa ya hospitali akapindika shingo.

Kliniki ya akili na kliniki ya kifafa kwetu ni siku moja, benchi moja na muuguzi mmoja, na mengi ninayoyajua nimeyajua kwenye benchi hilo. Watoto wa kifafa utawatambua kwa makovu ya moto, kwa kuwa degedege halichagui mahali pa kumwangusha mtu na jikoni ndiko wengi wanakoshinda. Nilikaa mara kadhaa na mama mmoja aliyetoka Mahenge, wilaya ya Ulanga, aliyekuja kuishi kwa dada yake mjini kwa sababu ya kifafa cha mwanawe. Mahenge inajulikana mbali kwa ugonjwa huo. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, na watafiti waliokuja baadaye wameuhusisha wingi wake na usubi, maradhi ya minyoo yanayoenezwa na inzi weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji yaendayo kasi.

Kilichonivutia katika masimulizi ya mama yule ni jinsi dawa ya usubi inavyogawiwa. Ivermektini imekuwa ikitolewa vijijini huko tangu miaka ya 1990, na wagawaji ni wanakijiji wenyewe waliopewa mafunzo mafupi, fimbo yenye alama na daftari. Anayepokea dawa husimama kando ya fimbo, urefu wake husomwa, idadi ya vidonge hutokana na alama aliyofikia, anameza mbele yao, jina linawekewa tiki. Hakuna daktari, hakuna nauli, na asiyekuwapo siku hiyo hurudiwa. Mama yule alinieleza haya kama jambo la kawaida, kisha akaniambia kwamba vidonge vya kifafa vya mwanawe, fenobabitali, ambavyo ni miongoni mwa dawa za bei ndogo kuliko zote, alikuwa akivifuata mwenyewe kwa nauli yake, na mara nyingine akirudi mikono mitupu.

Tangu hapo nimekuwa nikiangalia magonjwa mengine yanavyofuatiliwa, na ninachokiona kinanipa matumaini na hasira kwa wakati mmoja. Jirani yetu alipougua kifua kikuu aliandikishwa, akatakiwa ataje ndugu wa kumsimamia anapomeza dawa, na alipokwenda shamba akapitisha siku bila kurudi kuchukua dozi, mhudumu alikuja mpaka kwake kumuulizia, akaacha namba ya simu kwa mkewe. Wanaotumia dawa za VVU nao, wakikosa kuhudhuria, majina yao huingia kwenye orodha ya watoro, na yupo mtu ambaye kazi yake ni kuwatafuta. Mgonjwa wa kifua kikuu akikosa dozi hutafutwa. Mgonjwa wa akili akikosa dozi husubiriwa mpaka avunje kitu.

Wala haya si maarifa tunayoyaazima kwa wenzetu. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na ni hapa Tanzania ambako daktari Karel Styblo alijenga utaratibu wa kumwandikisha mgonjwa, kumsimamia akimeza dawa na kumfuatilia mpaka amalize, utaratibu ambao Shirika la Afya Duniani liliuchukua katika miaka ya 1990 na kuueneza ulimwenguni. Morogoro nayo ina historia yake: mwanzoni mwa miaka ya 1980 programu ya taifa ya afya ya akili, kwa msaada wa shirika hilohilo na serikali ya Denmark, iliichagua mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro iwe ya mfano wa kuzishusha huduma za akili hadi kwenye zahanati. Muuguzi mmoja mstaafu aliwahi kunisimulia alivyofundishwa wakati huo kumtambua mgonjwa wa akili na kumwanzishia dawa bila kungoja daktari wa mjini. Nilipomuuliza kwa nini mambo hayo yalififia, alisema kwamba fedha za wafadhili zilikwisha, waliofundishwa wakastaafu, na waliowafuata hawakufundishwa.

Katika haya yote yupo mgonjwa wa pili ambaye hakuna aliyemwandika mahali popote. Mama yangu amepita miaka sitini, huhudumiwa kwenye dirisha la wazee, na kila anapofika presha yake hupimwa, namba huandikwa kwenye kadi, dawa huongezwa au hupunguzwa. Hajawahi kuulizwa analala saa ngapi, wala analala chumba kipi. Angeulizwa, angesema kwamba hulala sebuleni akiwa ameegemea mlango, ili kijana akiamka usiku aamke naye. Nilimpeleka mimi kwa yule muuguzi wa kliniki ya akili, nikamwombea azungumze naye peke yake, na ndipo kwa mara ya kwanza mtu wa afya alipomwambia kwamba kulia bila sababu, kukosa hamu ya chakula na kutamani asiamke asubuhi ni sonona, nayo ina tiba. Mama alikataa vidonge. Alikubali kurudi kuzungumza, na anarudi.

Muuguzi huyo ndiye aliyeanzisha kitu ambacho kwa maoni yangu kingepaswa kuwa utaratibu wa kila kituo. Alinunua daftari kubwa la kaunta kwa fedha yake, akaandika jina la kila mgonjwa wa kliniki, dawa zake, tarehe ya kurudi, na namba mbili za simu, moja ya mgonjwa na moja ya anayemuuguza. Siku ya kliniki ikipita huwapigia wasiofika. Stoo ikipungua hututumia ujumbe mapema, tukajua kwamba mwezi huo tutafute sindano kwingine, na siku hizi kutafuta kwingine kunamaanisha kuchangishana sisi wenyewe wa benchi lile na kununua kwa pamoja famasi. Tangu daftari lile lianze, mdogo wangu hajafungwa kamba. Amerudi kijiweni kwa nusu siku. Hapewi injini nzima kuifungua, hupewa tairi, breki na nyaya, kwa sababu mikono inatetemeka kidogo na mwenye kijiwe ni mtu muungwana anayejua kumpa mtu kazi inayomfaa bila kuitangaza.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga kuwafundisha na kuwaajiri zaidi ya 137,000 nchi nzima kwa miaka mitano. Mtaani kwetu anapita binti mmoja wa kazi hiyo, na kwenye mkutano wa mtaa nilisimama nikauliza kama orodha yake ya kaya inawahesabu wagonjwa wa akili. Watu wengine walicheka, mwenyekiti akawanyamazisha. Binti alifungua kitabu chake mbele yetu akasoma anayoulizia: wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wenye kikohozi cha muda mrefu, choo, maji, vyandarua. Alisema wagonjwa wa akili angeweza kuwaandika kwenye “mengineyo”, ila hajui taarifa hiyo ingemfikia nani. Mtendaji aliahidi kuliuliza suala hilo kwenye kata. Mkutano ulipokwisha watu walinifuata pembeni, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akianza kwa kuhakikisha kwamba mwenzake ameshaondoka, wakanieleza habari za ndugu walio nao ndani.

Niliwapa binti na muuguzi majina ya ndugu hao, kwa ridhaa ya walionieleza, nao wamekubaliana kwamba binti akiwa kwenye mizunguko yake ya kawaida atapita kwa wale waliokosa kliniki, bila kusema mlangoni amefuata nini. Jibu la kata halijafika. Mpango huu wote unasimama kwa hiari ya watu hao wawili, na muuguzi, ambaye mumewe anafanya kazi mkoa mwingine, ameshaandika barua ya kuomba uhamisho. Nimemwomba kwamba kabla hajaondoka daftari lile alikabidhi kwa maandishi kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, liingie kwenye orodha ya vitabu vya kituo, lisichukuliwe kuwa mali yake binafsi.